Onyo na Kosa

Vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Bukoba, pamoja na wale wanaokuja Jumamosi kutoka Muleba, wana ubishi usiokwisha. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, ikikuta dosari ndogo, itoe onyo na kuendelea, au isimame na kuiita kosa? Walioanza na lugha ya C husema onyo latosha. Walioanza na Go husema isimame. Mimi nina upande wangu, ingawa hauwaridhishi hawa wala wale.

Tuanze na C. Ukiandika alama moja ya usawa ndani ya sharti badala ya mbili, kompaila ya GCC haikuzuii. Ukiiomba kwa neno -Wall itakuonya, usipoiomba, inanyamaza. Na dosari hiyo hugeuza swali kuwa amri: badala ya kuuliza kama salio ni sifuri, programu inalifanya salio liwe sifuri. Eti jambo dogo hilo! Kijana akiona maonyo arobaini kwenye kioo, husema, "Mwalimu, si inafanya kazi?" Asiyelazimika kujibu onyo haachi kulijibu tu, huacha hata kulisoma.

Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ilichukua njia ya pili. Ukitaja kigeu ndani ya kazi bila kukitumia, programu haijengwi. Waasisi wake walisema kwamba linalostahili kulalamikiwa linastahili kurekebishwa. Hoja nzuri, lakini mtu aliye katikati ya kujaribu jambo husumbuliwa kama mgeni anayeulizwa hati mlangoni kila anapotoka kunawa mikono. Basi huandika mstari wa hila, kigeu kikapewa kistari cha chini, na kompaila ikaridhika. Sheria inatimizwa kwa uongo.

Hata hivyo siwezi kusimama na wale wa onyo. Kwetu Kagera, neno "dogo" lina makaburi. MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, kwenye njia ya Muleba, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka karibu na Mwanza. Nafasi yake ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443; wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Waliokufa walizidi 800, na wengi wamelala Igoma. Abiria mmoja wa ziada si kitu. Mkungu mmoja wa ndizi si kitu. Kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kilistahili onyo tu. Ziwa halikuvitazama kimoja kimoja.

Wenye kompyuta nao wana habari yao. Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha programu za simu zake kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, na ukaguzi wa usalama wa mawasiliano ukarukwa. Mistari iliyofuata isingeweza kufikiwa kamwe. Kompaila ya Clang ina onyo la jambo hilo hasa, lakini halimo hata katika -Wall.

Kwa hiyo naona ubishi huu umekosa swali la wakati. Meli ikiwa gatini inapakiwa, onya upendavyo. Kamba zikitaka kufunguliwa, zuia. GCC ina neno la kazi hiyo, -Werror, linalogeuza kila onyo kuwa kosa. Litumike kwa anayekabidhi, lisifungwe ndani ya kazi anayopelekewa mwingine, kwani toleo jipya la kompaila huja na maonyo mapya, na programu iliyojengwa salama jana hukataliwa leo bila herufi kubadilika.

Darasani kwangu siku za kawaida onyo ni onyo. Kazi ya mwisho hujengwa kwa -Wall na -Werror, na ikikataa siisomi. Alama moja ya usawa ndani ya sharti naikataa siku zote, hata Jumamosi mvua ikinyesha na mwenye kazi amefika kwa pikipiki kutoka Muleba.