Jani Linapozaa

Jani la Graptopetalum, mmea wa majani manene, halikatwi kwa kisu. Fundi hulishika karibu na shina kwa vidole viwili, hulisukuma kushoto na kulia polepole hadi liachie lenyewe, kisha huligeuza atazame kitako. Kikiwa kizima, hakikuacha nyama kwenye shina, analitenga. Kikichanika, analitupa hata kama jani ni nono na la kupendeza, kwa kuwa seli zitakazozaa mmea mpya ziko pale kitakoni, si katika unene wa jani.

Majani yaliyofaulu hulazwa kwenye sinia, mahali penye mwanga pasipo jua kali, kidonda kikauke kwa siku kadhaa. Anayewahi kumwagilia huvuna uozo. Baada ya majuma machache hutokeza mizizi myembamba yenye rangi ya waridi, kisha kishada cha majani yanayotosha kukaa juu ya ukucha. Hapo jani mama huanza kusinyaa, na mkono wa mgeni huwashwa kulibandua ili sinia ipendeze. Fundi haligusi. Maji na chakula cha mtoto bado vimo humo. Liachwe linyonywe mpaka libaki ganda. Mimi huko kujizuia ndiko kunakonivutia kuliko kazi yote ya vidole. (Jina la kitaalamu la mmea huu, paraguayense, lisikupeleke Paraguai: kwao ni Meksiko.)

Lakini kabla ya kuotesha lazima uujue mmea, na kalankoe za Madagaska hujitambulisha kwa mahali zinapobeba watoto. Daigremontiana, yenye majani mapana na mabaka ya zambarau upande wa chini, huwapanga ukingoni mwa jani lote, wengine wakiwa na mizizi tayari kabla ya kudondoka. Delagoensis ina majani ya mviringo kama penseli, na watoto hukaa kwenye ncha tu. Pinnata kwa kawaida husubiri jani litengane na shina: libane ukutani kwa pini, nalo litachipua kwenye mikato ya ukingo bila udongo wala tone la maji. Goethe, mshairi wa Ujerumani, aliipenda mno, akawa anawagawia marafiki majani yake. Kalankoe hizi hazihitaji fundi wa kuziotesha, zinahitaji wa kuzizuia, maana huzagaa kwenye vyungu vya jirani, tena zina sumu inayodhuru moyo wa mifugo. Mabaki yake hayatupwi malishoni.

Alovera ni kinyume cha kalankoe. Jani lake limejaa ute, na ukilipanda litaoza tu. Ngoja vichipukizi vinavyotoka ubavuni mwa mama.

Sansevieria ndiyo inayompima fundi hasa. Jani lake refu hukatwa vipande vya urefu wa kidole, na kila kipande kinaweza kuota, ila kwa sharti moja: upande uliokuwa chini ubaki chini. Ukikipindua, hakioti mizizi. Vipande vikishalala mezani vyote hufanana, kwa hiyo mwenye uzoefu hukata kila mwisho wa chini kwa umbo la V papo hapo, kabla hajaweka kisu chini.

Ipo moja yenye kingo za njano, Laurentii, iliyopewa jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea huko Kongo. Kipande cha jani lake huota vizuri kabisa, lakini mche hutoka wa kijani mtupu. Tabaka la njano na la kijani ni seli za aina mbili zinazoishi bega kwa bega katika jani moja, na chipukizi linalozaliwa upya halirudishi mpangilio ule. Njano hupatikana kwa kugawa tunguu lililo chini ya udongo. Mwenye chungu kimoja tu basi husubiri, pengine miezi mingi, mpaka chipukizi la pembeni litokeze na kuwa na mizizi yake, ndipo aligawe.