Jeraha la neva linavyosomwa kwenye damu

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walichukua damu ya wagonjwa 47 wa UVIKO-19 wakatafuta ndani yake protini mbili. Ya kwanza, nyurofilamenti nyepesi, ni sehemu ya kiunzi cha nyuzi za neva. Uzi ukiumia, huvuja. Ya pili, GFAP, hukaa kwenye astrosaiti, seli zinazozilea neva za ubongo.

Kazi ilikuwa kwenye kipimo. Kwa miaka mingi nyurofilamenti ilipimwa kwenye maji ya uti wa mgongo, maana kwenye damu ni haba mno na vipimo vya kawaida vya kingamwili haviipati sawasawa. Sasa nani amgeuze ubavu mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, amchome sindano ya mgongo kila baada ya siku kadhaa? Jibu lilikuwa Simoa, teknolojia iliyozaliwa kwenye maabara ya David Walt, Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Chembe za sumaku zilizopakwa kingamwili huinasa protini. Kingamwili ya pili, yenye kimeng'enya, huishika juu yake. Kisha chembe huzamishwa kila moja kwenye kishimo chake, kidogo kiasi kwamba kimeng'enya kimoja kinatosha kukiwasha. Mashine haipimi ukali wa mwanga wa mchanganyiko mzima. Inahesabu vishimo vilivyowaka, kama mtu ahesabuye madirisha yenye taa kwenye ghorofa usiku.

Wenye dalili nyepesi hawakuonyesha jambo. Waliolazwa kwa ugonjwa wa wastani GFAP yao ilipanda. Kwa mahututi zilipanda zote mbili. Lakini mimi naona uzito wa kazi hii uko kwenye kurudia vipimo. Kwa mahututi, GFAP ilikuwa juu mapema kisha ikashuka, huku nyurofilamenti ikiendelea kupanda. Aliyepima siku moja tu angeondoka na nusu ya habari: astrosaiti zilishtuka kwanza, nyuzi zikafuata.

Hata hivyo, nyurofilamenti haisemi imetoka neva ipi. Za miguuni na mikononi nazo zinayo, na mgonjwa wa chumba cha mahututi huweza kuumia neva hizo kwa ukali wa ugonjwa wenyewe, bila kirusi kugusa ubongo. Umri huipandisha, figo zikilegea vilevile. Ndiyo maana GFAP, ambayo chimbuko lake kubwa ni ubongo, ililazimika kuwa shahidi wa pili.

Mwaka 2021 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya wagonjwa 100 waliofuatiliwa kwa takriban miezi 6. Protini zote mbili zilikuwa zimerudi kawaida, hata kwa waliolalamikia uchovu na ukungu wa akili. Wapo waliodhani hapo malalamiko yamekanushwa, siafiki. Kipimo hiki hunasa seli zinazoumia wakati damu inachukuliwa. Seli iliyo nzima lakini inafanya kazi kombo haivujishi kitu cha kuhesabiwa.