Saa Kumi na Tatu ni Saa Gani?

Bibi yangu hajui kompyuta, lakini saa anaijua. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alisimama nyuma yangu, akainama, akatazama pembeni mwa kioo cha laptopu yangu na kusoma kwa sauti: "Kumi na tatu na dakika tano." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, saa kumi na tatu ni saa gani?"

Nilicheka, nikamwambia ni saa saba. Yeye hakucheka. Alitaka kujua kwa nini chombo nilichokinunua kwa pesa zangu hakijui kuwa jua linapochomoza ndipo tunapoanza kuhesabu. Sikuwa na jibu, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, nimeinunua Darajani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine yangu ni kuukuu mno kwa Windows 11. Nilikuwa katikati ya tasnifu ya uzamili, sina pesa ya nyingine. Fundi akanishauri niweke Linux Mint, na eneokazi lake liitwalo Cinnamon. Kwa lugha yetu ni nanaa na mdalasini. Hata vikorombwezo vinavyotengenezwa na watumiaji ili kuongezwa kwenye eneokazi hilo, wenyewe wameviita Spices, yaani viungo. Mtu wa Unguja akisikia hayo anaweza kudhani kitu kimetoka Kizimbani. La hasha. Mwanzilishi wa Linux Mint ni Clement Lefebvre, Mfaransa, na mdalasini wake haujapata kuiona karafuu.

Kwa asiyejua, kwenye Linux sura unayoiona, yaani menyu, madirisha, upau wa chini na saa, ni kitu mbali na injini iliyo ndani. Unaweza kuivua sura moja ukavisha nyingine. Ndiyo maana watumiaji wake hubishana kuhusu sura hizo kama watu wanavyobishana kuhusu vyama. Kambi kubwa ni mbili. KDE ilianza 1996, GNOME ikafuata 1997. Mwezi wa Aprili 2011 GNOME ilitoa toleo la 3, ikaondoa upau na menyu waliyoizoea watu. Wengi walikasirika. Waliotaka sura ya zamani ibaki hai wakaichukua na kuiita MATE, kazi iliyoanzishwa na mtumiaji wa Argentina. Watu wa Mint wakaichukua GNOME mpya na kuivisha mavazi ya kizamani. Hiyo ndiyo Cinnamon. Ubuntu nayo iliifanya Unity, sura iliyojitengenezea, kuwa eneokazi lake la kawaida mwaka huohuo, na 2017 ikaiacha na kurudi GNOME.

Nimeyasoma mabishano yao kama ninavyosoma tahakiki za riwaya, na naona hoja zao si za kipuuzi. Upande wa GNOME unasema: mpe mtumiaji machaguo machache, yaliyofikiriwa vizuri, asipotee. Upande wa KDE unasema: mpe yote, aamue mwenyewe. Wa kwanza wanamheshimu mtumiaji kwa kumpunguzia mzigo, wa pili kwa kumwamini. Ningeweza kuandika kurasa kumi za kuwasifu wote wawili.

Lakini swali la bibi linawapima wote kwa kipimo kimoja. Fungua mipangilio ya GNOME, utaulizwa: unataka saa ya tarakimu ishirini na nne, au ya AM na PM? Basi. Ukienda KDE, utabadilisha hati, rangi, ukubwa, mpangilio wa tarehe, sekunde zionekane au zisionekane. Machaguo ni mengi kweli, lakini yote yanaanzia usiku wa manane. Mmoja amenipa vyakula viwili na mwingine ishirini, na hakuna aliyepika ninachokula. Mabishano yao ya miaka mingi ni juu ya idadi ya machaguo. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyefikiriwa wakati machaguo hayo yanaandikwa.

Mdogo wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, alinipa dawa ya haraka. Aliniambia niweke saa ya mashine kwenye majira ya Buenos Aires. Argentina iko nyuma yetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo kwetu ikiwa saa saba mchana, kwao huandikwa saa saba asubuhi. Nikaficha AM na PM, bibi akasoma, akaridhika. Tatizo lilikuja usiku. Tarehe ilikataa kubadilika mpaka alfajiri, na barua pepe za msimamizi wangu zikaonekana zimeandikwa saa ambazo najua alikuwa darasani. Ili niwe na wakati wa nyumbani kwetu, ilibidi niiambie kompyuta kwamba ninaishi Argentina.

Wapenzi wa programu huria watanijibu: mlango uko wazi, njoo urekebishe. Jibu hilo lina ukweli, na lina kasoro ninayoijua tangu utotoni. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wanaume hukaa barazani wakinywa kahawa na kujadili siasa za nchi na za dunia. Hakuna ukuta, wala mlango, wala tangazo la kumkataza mtu. Nimepita pale mara nyingi, nimesikia hoja nzuri, na mara moja mbili nilikuwa na jibu ulimini. Sikukaa. Hakuna aliyenizuia, ila nafasi ya kukaa mwanamke haikuwapo. Uwazi wa baraza na uwazi wa programu huria ni wa namna moja: kila mtu anaruhusiwa, lakini wanaozungumza ni wale ambao wamekwishakaa.

Sisi watu wa Mjini tusijifanye wanyonge pia. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tuliokuwa tumekaa ni sisi. Kimvita, chenye hazina yake ya ushairi, kiliwekwa kando. Hata humu kisiwani, Kimakunduchi na Kitumbatu havikuulizwa. Lahaja yetu ndiyo ikawa mpangilio wa awali, na mpaka leo mtoto wa Makunduchi anaposahihishwa skuli, anayemsahihisha huona anafundisha lugha tu. Kila usanifu una kwao, na aliyezaliwa humo ndiye wa mwisho kuliona hilo.

Na tuliwahi kujaribu kukaa kwenye baraza hili la kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Nauheshimu mradi ule, maana ulikusanya istilahi na ukathubutu. Jina lakini linanikwaza. Hapa Unguja "Jambo" ni salamu ya mgeni aliyeshuka boti. Sisi tunaamkiana "Hujambo" na "Shikamoo". Programu ya kwetu ilijitambulisha kwa salamu ya watalii. Nalo jambo kubwa zaidi ni kwamba tafsiri ya programu si kitabu, kwamba ukikichapa umemaliza. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya, na mradi una mwisho wake.

Fundi wangu haoni hasara yoyote. "Dada, watu wanasevu na kuprinti. Ukiwawekea 'hifadhi' na 'chapisha' wanakuja kuniuliza." Ni kweli, na nina la kuungama: mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilichagua Kiswahili kwenye mashine yangu, nikakuta menyu nyingi zimebaki kwa Kiingereza, na wiki ya pili nikarudi Kiingereza kizima. Mchanganyiko ule ulinichosha. Hata hivyo "pakia" na "pakua" hayakumsumbua mtu. Tuliyajua kutoka bandarini na jikoni kabla ya kuyakuta kwenye intaneti. Neno lenye kwao halihitaji kufundishwa. Nadhani na saa ni hivyohivyo: hakuna Mswahili atakayehitaji maelezo akiona saa saba saa saba.

Kwa hiyo nikiulizwa mustakabali wa maeneokazi haya, sitachagua kati ya machaguo machache na mengi. Nitauliza nani atakaa wakati yanapoandikwa, na nani atabaki baada ya mradi kwisha. Katika hilo Cinnamon, pamoja na jina lake la kuazima, ina fadhila moja: kiungo kimoja kidogo mtu mmoja anaweza kukiandika bila kuomba ruhusa ya kubadilisha nyumba nzima.

Mdogo wangu ameandika kimoja. Kinatoa saa sita kwenye saa inayoonekana tu, tarehe na barua pepe vinabaki salama. Hajakipeleka kwa wenzake wa duniani. Anasema Kiingereza chake cha maelezo hakijakaa sawa, na mimi nimeahidi kumsahihishia. Bado kina kosa: bibi ameshatuambia kwamba Alhamisi jua likizama ni usiku wa Ijumaa, na chetu kinaendelea kuandika Alhamisi.