Rafiki kwa Watu Gani?

Majengo ya ofisi na utafiti siku hizi husifiwa kwa paneli za sola kwanza, watu baadaye. Chukua jengo la UNEP na UN-Habitat pale Gigiri, lililofunguliwa 2011: nafasi ya wafanyakazi 1,200, mita za mraba 6,000 za paneli, hewa inapita bila viyoyozi. Kazi safi, sikatai. Lakini kufika mlangoni lazima upite geti, ukaguliwe, uonyeshe kitambulisho. Ni rafiki kwa walio ndani. Wewe wa barabarani utaliona kwa picha.

Kwangu mimi, kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana inalishinda. Ilichorwa na Francis Kéré, ikakamilika 2021, na vijana husomea teknolojia ya habari hapo. Minara yake mitatu imeiga vichuguu: hewa moto inapanda na kutokea juu, hewa safi inaingia kwa matundu ya chini, kompyuta zinaepuka joto na vumbi. Mawe yametoka machimbo ya karibu. Juu kuna baraza zenye kivuli zinazotazama ziwa. Aliyechora alijua kwamba huku kwetu kazi nyingi na stori nyingi hufanyika nje, kivulini.

Shida ni waigaji. Kéré alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Pritzker, 2022, mnara ukawa rahisi kutamani. Sasa fikiria kituo cha utafiti wa kilimo kinajengwa Nuu, kule Kitui. Vichuguu viko, joto liko, lakini kinachowanyima watu usingizi Nuu ni maji. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ikikosa, shamba limeenda. Ukibeba mnara wa Turkana ukausimamisha hapo, umeiga umbo na kuacha akili iliyolizaa.

Ukambani kuna akili hiyo tayari. Watu hujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, maji yakajificha chini ya mchanga, jua lisiyafikie. Mchoraji aanzie hapo. Paa liwe pana, mifereji imwage kwenye tangi, matofali yachomwe na mafundi wa pale pale. Na bomba liwekwe nje ya ua, upande wa barabara, mama akija na mtungi wake wa lita 20 asiulizwe kitambulisho.