Mgeni na Jembe: Vitabu Vinne vya Bellagio juu ya Nadharia ya Elimu ya Viumbe

Kati ya mwaka 1966 na mwaka 1970, Profesa C. H. Waddington wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliwaalika mara nne wataalamu wa elimu ya viumbe, wa hisabati na wa fizikia wakae pamoja katika jumba la Serbelloni. Jumba hilo limo Bellagio, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Como, kaskazini ya Italia, nalo limekuwa mikononi mwa Rockefeller Foundation tangu mwaka 1959. Shabaha ya mialiko hiyo ilikuwa kutafuta kama elimu ya viumbe yaweza kuwa na nadharia yake ya jumla, kama fizikia iliyo na yake. Yaliyotoka katika mikutano hiyo yalichapishwa na Edinburgh University Press katika vitabu vinne vilivyohaririwa na Waddington mwenyewe, miaka ya 1968, 1969, 1970 na 1972. Jina la vyote ni moja, nalo kwa Kiswahili laweza kuwa Kuelekea Nadharia ya Elimu ya Viumbe. Kisha kila kimoja kina jina lake dogo: Utangulizi, Michoro, Rasimu, na Insha.

Majina hayo madogo yafaa kuangaliwa kabla ya kufungua kurasa. Msomaji atazamiaye kwamba baada ya rasimu itakuja nadharia yenyewe hukuta insha. Mhariri hakudai kuwa safari imefika. Alionyesha tu njia ilipopita. Huo ni unyofu wa kusifiwa, lakini ndio pia unaozusha swali la kuvipimia vitabu hivi. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, wanahisabati walioalikwa Bellagio walipewa jembe, au walibaki wageni mpaka siku ya kuaga?

Kuwakutanisha watu wa elimu hizi mbili hakukuanza hapo. Mwaka 1908, R. C. Punnett wa Cambridge alitatizwa na swali juu ya urithi: kwa nini tabia yenye nguvu katika urithi haienei mpaka ikawafunika watu wote? Alilipeleka kwa G. H. Hardy, mwanahisabati aliyekuwa akicheza naye kriketi, na Hardy akalijibu kwa hesabu fupi ambayo hata leo ni msingi wa elimu ya urithi. Mwaka 1926 Vito Volterra wa Roma alitoa milinganyo yake juu ya samaki walao na samaki waliwao. Yeye aliletewa swali na Umberto D'Ancona, aliyekuja kuwa mkwewe. D'Ancona alikuwa amechungua hesabu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adria, akaona kwamba katika miaka ya Vita Kuu, uvuvi ulipopungua, fungu la papa na wenzao walao samaki liliongezeka. Volterra alionyesha sababu yake: uvuvi huwapunguza walao na waliwao pamoja, na tena huwaondolea waliwao adui zao; basi nyavu zikipumzika, anayefaidi zaidi ni mlaji. Mvuvi yeyote aweza kulifahamu jambo hilo bila kuiona milinganyo.

Katika habari hizo mbili swali lilitangulia, mgeni akafuata. Bellagio mpango uligeuzwa: wageni walikusanywa kwanza, kisha swali likatafutwa. Nguvu na udhaifu wa vitabu hivi vinne vyote vyatoka katika mageuzi hayo.

Nguvu yaonekana katika kitabu cha kwanza, katika makala ya Lewis Wolpert juu ya tatizo aliloliita la bendera ya Ufaransa. Mtu afikiri safu ya chembe hai ambazo zapasa kuwa fungu moja buluu, fungu moja nyeupe na fungu moja nyekundu. Safu ikikatwa ikawa fupi, mafungu hubaki matatu na ukubwa wake hubaki sawasawa. Kila chembe yajuaje mahali pake? Wolpert alijibu kwamba yawezekana chembe hupima kiasi cha dutu fulani iliyo nyingi upande mmoja na haba upande wa pili, kisha ikatenda kwa kadiri ya kipimo hicho. Uzuri wa makala haya ni kwamba swali lake laweza kufahamika kwa mtu wa jiometria na kwa mtu wa maabara pia, wala hakuna kati yao anayelazimika kumwamini mwenziwe kwa heshima tu. Mwaka 1988 Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walionyesha dutu ya namna hiyo katika kiinitete cha nzi mdogo, nyingi kwa mbele na ikipungua kuelekea nyuma. Mambo yalionekana kuwa na matata zaidi ya yale ya bendera, lakini bila bendera ingekuwa vigumu kujua la kutafuta.

Makala ya René Thom ni ya namna nyingine. Thom alikuwa mwanahisabati wa Ufaransa aliyepata nishani ya Fields mwaka 1958. Yeye alivutwa na picha ya Waddington ya nchi yenye milima na mabonde, ambamo mpira hubingirika kutoka juu, na kila penye njia panda huingia bonde moja na kuacha jingine. Ndivyo chembe ya kiinitete inavyoishia kuwa ya ini, au ya ngozi, au ya mfupa. Waddington alikuwa amechora tu. Thom alitaka kuonyesha ni namna ngapi bonde laweza kugawanyika au kutoweka, akathibitisha kwamba pale ambapo mambo yanayoongoza mabadiliko hayazidi manne, maumbo ya msingi ni saba. Kitabu cha kwanza kina makala yake kwa Kifaransa, pamoja na barua alizoandikiana na Waddington juu ya makala hayo. Barua hizo ni katika kurasa bora za vitabu vyote vinne. Humo msomaji huona watu wawili hodari wakigundua kwamba neno moja lina maana mbili vinywani mwao, na mhariri hakuificha tofauti hiyo ili mkutano uonekane umekubaliana.

Kasoro ya kazi ya Thom ni kwamba yaeleza maumbo yawezekanayo bila kusema ni dutu gani iyafanyayo, wala mtaalamu wa maabara apime nini kesho asubuhi. Kasoro hiyo ilikua baadaye, mafunzo hayo yalipotolewa nje ya elimu ya viumbe na kutumiwa kueleza hofu na hasira ya mbwa, na hata mambo ya watu. Mwaka 1977 Raphael Zahler na Hector Sussmann waliyashambulia vikali. Hata jina lilichangia ubaya: Thom aliyaita mageuko ya ghafla kwa neno ambalo katika lugha nyingi ni neno la janga, na watu wakatazamia majanga. Walakini haki yataka isemwe pia kwamba mwaka 2012 Francis Corson na Eric Siggia walitumia jiometria ya namna hiyo kueleza jinsi chembe chache za mnyoo mdogo zinavyochagua kazi zake, na maelezo yao yaliweza kupimwa kwa majaribio. Basi mbegu ile haikuwa mbovu. Ilikosa udongo, yaani vipimo ambavyo mwaka 1966 havikuwapo.

Palipokosekana udongo Bellagio pataonekana vema zaidi kwa kulinganisha na kazi juu ya malaria. Ronald Ross alivumbua vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, kisha akageuka mwenyewe kuwa mtu wa milinganyo. George Macdonald aliiendeleza kazi hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1957 kilitilia mkazo jambo moja: la maana zaidi kuliko wingi wa mbu ni urefu wa maisha yao, kwa kuwa vijidudu huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Tuseme siku hizo ni 12. Ikiwa mbu 95 katika kila 100 huishi mpaka kesho yake, baada ya siku hizo watasalia kama 54. Wakiwa ni 85 tu waishio mpaka kesho yake, watasalia kama 14. Upungufu mdogo wa kila siku wazaa upungufu mkubwa wa hatari. Lakini hesabu hiyo haina thamani mpaka mtu aende akawakamate mbu, awatie alama, awaachilie na kuwakamata tena, kama walivyofanya watafiti wa Amani katika vijiji vya Muheza, Tanganyika, katika miaka ya 1950. Mtu wa namna hiyo haonekani kwa urahisi katika vitabu vya Bellagio. Wengi waliomo ni watu wa nadharia wa pande zote mbili.

Jambo la pili la kuangaliwa ni kwamba waliozaa matunda mapema zaidi walikuwa wamekwisha kubeba elimu mbili ndani ya mtu mmoja. Wolpert alisomea uhandisi wa ujenzi Afrika ya Kusini kabla ya kuingia elimu ya viumbe. John Maynard Smith, aliyekuwako pia Bellagio, alikuwa mhandisi wa ndege wakati wa vita. Tena Maynard Smith alipokaa Chicago miezi mitatu mwaka 1970, akiwa mgeni wa watu wa nadharia ya viumbe, alipata nafasi ya kujifunza hesabu ya michezo, na kwa hiyo akaweza, pamoja na George Price, kueleza mwaka 1973 kwa nini wanyama wapiganapo mara nyingi hawauani. Kukaa kwingi kwa mtu mmoja kulileta faida iliyo wazi kuliko mkutano mfupi wa wengi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mwisho wa kitabu cha nne ndio utakaogusa zaidi. Waddington, akiisha kupima fizikia na hisabati, apendekeza kwamba kigezo cha nadharia ya viumbe huenda kikawa ni lugha: si lugha ya kusimulia, bali lugha ya kuamuru, yenye sarufi yake, ambayo ikisemwa jambo hutendeka. Wazo hili ni zuri, lakini limeachwa changa. Kama lugha ndiyo kigezo, ingefaa mtaalamu wa lugha naye apewe nafasi kubwa.

Hasara hiyo yaonekana mara mtu ajaribupo kuyatia mambo haya katika Kiswahili. Neno mfano latosha kuonyesha. Kwa mtaalamu wa viumbe, mfano ni mmoja katika wengi: chura huyu ni mfano wa vyura. Kwa mwanahisabati, mfano ni kitu kilichofananishwa na kingine: milinganyo hii ni mfano wa ziwa. Wawili hao wakiketi pamoja na kusema mfano kutwa nzima, waweza kuagana kwa furaha bila kuelewana. Kulitenga neno kielelezo kwa maana ya pili ni kazi ndogo, lakini ni kazi ya siku ya kwanza.

Taasisi za kuwakutanisha watu hawa zimeanzishwa nyingine tangu hapo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 2002 na ile ya Tennessee mwaka 2008. Atakayetaka kuanzisha nyingine atafaidi kwa kusoma kitabu cha kwanza chote, makala ya Wolpert na barua za Thom na Waddington kwanza, kisha kuruka mpaka maneno ya mwisho ya kitabu cha nne. Viwili vya katikati vyaweza kungoja. Humo atajifunza kwamba ukarimu na mandhari nzuri havitoshi: mgeni aletewe swali lenye vipimo, akae mpaka siku ya tatu ipite, na mwenye matope miguuni awe miongoni mwa waalikwa.