Tazama Anavyoinuka

Siku hizi kila anayejiangusha mbele ya kamera huitwa msanii jasiri. Hivi karibuni nimesoma sifa tele za video moja: kijana anatembea katika jiji la Ulaya, anaanguka, anaanguka tena, na mhakiki anaandika kurasa juu ya udhaifu wa mwili na ukaidi dhidi ya jiji. Nikaitafuta na kuitazama. Kila anguko limekatwa pale mwili unapogusa lami. Mara tunamkuta barabara nyingine, nguo safi, pumzi imetulia. Mhakiki hakuliona hilo. Ama hajapata kumtazama Klara Lidén, msanii wa Uswidi, ama alimtazama bila kujua macho ayaweke wapi.

Lidén alizaliwa Stockholm mwaka 1979. Kabla ya kuingia chuo cha sanaa cha Konstfack alisomea usanifu majengo katika chuo cha teknolojia cha KTH, na mafunzo hayo hayajamtoka mwilini hadi leo. Behewa, ukuta, njia ya miguu, vyote huvipima kwa mabega na magoti. Katika Paralyzed ya mwaka 2003 yumo ndani ya treni ya Stockholm, anacheza, anavua nguo za juu, anajirusha na kuning'inia kwenye rafu za mizigo, huku abiria wakijitahidi kuendelea na safari yao. Mwaka 2008, katika Der Mythos des Fortschritts (Moonwalk), anateleza kinyumenyume usiku katika mitaa ya New York. Hizo mbili zinatosha kuwa darasa. Asiyezijua asihukumu performansi ya mtaani.

Lakini kipimo chenyewe kimo katika Grounding, ya mwaka 2018. Lidén anatembea katika eneo la mabenki la Manhattan, kamera ikienda naye. Anaanguka, anainuka, anaendelea. Mtazamaji mgeni hulisubiri anguko kama shabiki anayesubiri bao. Likishapita, macho yake hulegea, na hapo ndipo kazi yote inapompita. Kuanguka peke yake hakumpimi mtu, maana ardhi humvuta na kumfanyia nusu ya kazi. Katika kuinuka hana wa kumsaidia.

Kwa hiyo tazama kuinuka. Tazama mkono upi unatangulia kusukuma ardhi, na kama bega linaufuata au linasita. Tazama goti: goti la mtu aliyeanguka kweli huchelewa kidogo kuuamini mguu. Tazama kama anajipangusa. Anayejipangusa anaomba huruma, na huruma haina nafasi katika kazi hii. Tazama macho yake. Yakiitafuta kamera hata kwa kufumba na kufumbua, kazi imekufa. Mwisho, fuata hatua zinazokuja baada ya hapo, uone kama mwendo unarudi kuwa ule wa mwanzo. Anayeigiza hutembea kwa madaha baada ya kuinuka, kwa kuwa anajua ametazamwa. Lidén anaendelea na safari yake kana kwamba lami na mwili vimekubaliana tangu zamani. Mwendo ule hauwezi kuundwa kwenye meza ya uhariri.

Ujanja wa kuficha ardhi ni wa siku nyingi. Mwaka 1960 msanii Mfaransa Yves Klein alipigwa picha akijirusha kutoka juu ya ukuta, mikono ameikunjua, chini yake ardhi tupu. Kumbe chini walikuwapo rafiki zake wameshika turubai. Wapiga picha Harry Shunk na János Kender waliunganisha picha mbili na turubai likatoweka. Simwiti Klein mwongo. Alikuwa mwanajudo wa dani ya nne, na kuanguka alikujua vizuri. Hata hivyo picha ile imewafundisha wavivu wengi kwamba kupaa kunatosha, na kwamba kutua hakumhusu mtu.

Mweke kando yake Bas Jan Ader, msanii Mholanzi. Mwaka 1970 alibiringika kutoka paa la nyumba yake Los Angeles, kisha akaendesha baiskeli moja kwa moja hadi ndani ya mfereji Amsterdam. Naye hatuonyeshi kuinuka, lakini hakuna turubai wala hila. Ameukabidhi mwili wake kwa uzito wake, basi. Mwaka 1975 aliondoka peke yake kwa mashua ndogo kuvuka Atlantiki, asionekane tena. Kwa mtu kama huyo kipimo changu kinanyamaza.

Kwa kazi za Lidén ambazo ni vitu, si mwili, sheria ni fupi. Mabango ambayo Lidén ameyabandua mitaani, yakalundikwa na kufunikwa karatasi nyeupe mbele, yatazamwe ubavuni, penye unene wa tabaka. Anayesimama mbele yake na kusifu weupe ameona karatasi tu. Mapipa ya taka aliyoyapeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice mwaka 2011, ambako alitajwa kwa heshima, yahukumiwe kwa mibonyeo yake. Pipa lililosuguliwa likang'aa halifai.

Kitu kimoja kimepotea na hakitarudi. Abiria wa Paralyzed, mwaka 2003, hawakuwa na simu janja za kuwakinga na aibu. Walilazimika kukaa na yule mwanamke mle behewani, na nyuso zao zikawa sehemu ya kazi. Leo wangemrekodi wote. Performansi ya mtaani ilikuwa na nguvu zaidi wakati mpita njia hakujua la kufanya na mikono yake.

Basi atakayemsifu msanii kwa kuanguka, atueleze kwanza aliinukaje: mkono upi, goti lipi, macho yalikwenda wapi. Akishindwa kutujibu, ajue amesifu kazi ya mhariri, na jina la msanii aliache.