Jedwali na Ukimya: Kusoma Sensa kutoka Unguja hadi Bustan

Mpanga sera hahitaji kusema uongo ili atawale kwa maarifa. Humtosha kuchagua swali. Sensa za Zanzibar chini ya Himaya ya Uingereza ni mfano ulio wazi wa jambo hilo, na majina yaliyotumika humo hayajanyamaza hadi leo, si Unguja wala katika barza za Waomani wazungumzao Kiswahili.

Mwaka 1924, watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki takriban 2,000. Hakuna tauni iliyopita wala jahazi zilizowahamisha. Jina lenyewe lilikuwa limeshushwa hadhi kwa kunasibishwa na asili ya utumwa, na wengi wakaona afadhali waitwe Wahadimu, Watumbatu, Washirazi au hata Waarabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, stahiki ya mchele ilipofungamanishwa na kabila, suala la kujitaja likaingia hadi jikoni. Karani wa sensa alidhani anahesabu makabila; kwa hakika alikuwa akihesabu majibu ambayo raia waliona yanafaa kupewa serikali.

Takwimu hizo hazikubaki maofisini. Edward Batson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alifanya uchunguzi wa kijamii wa visiwa hivyo mnamo 1948 na 1949, na humo mikarafuu, ardhi na kazi viligawanywa kwa kufuata kabila la mwenyewe. Michael Lofchie aliutegemea uchunguzi huo katika kitabu chake cha 1965 kuhusu chimbuko la Mapinduzi. Kitabu ni cha thamani, lakini kina kasoro ya msingi: kinaeleza mgongano wa kikabila kwa kutumia safu ambazo utawala wenyewe ulizichora. Jedwali likasimama kama shahidi, ilhali lilistahili kuhojiwa kama mshitakiwa.

Miaka 45 baadaye, Harith Ghassany alifuata njia nyingine. Katika *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!* (2010), anayapa nafasi kubwa masimulizi ya watu waliokuwamo katika matukio, nayo huleta yale ambayo jedwali haliwezi kuyabeba: udugu, deni, usaliti, hofu. Hata hivyo, dhana ya Afrabia anayoisimamia inazua swali. Ili kuunganisha Uafrika na Uarabu, ni lazima kwanza vikubaliwe kuwa viwili. Mshono huo unakusudiwa kuponya, lakini unafuata mstari uleule wa mkato wa kale. Hoja hii haipunguzi uzito wa kitabu. Inaonesha tu jinsi ilivyo vigumu, hata kwa mpinzani wa ukoloni, kuzungumza nje ya msamiati wake.

Je, dawa ni kuacha kuuliza? Tanzania iliuliza kabila katika sensa ya 1967, kisha ikaliondoa swali hilo kwa jina la umoja wa taifa. Oman ilifanya sensa yake ya kwanza mwaka 1993, na mgawanyo wake mkuu ulikuwa baina ya Waomani na wasio Waomani. Kwa familia zilizotoka Zanzibar baada ya 1964, au zilizoitikia wito wa Sultan Qaboos kuanzia 1970, kuhesabiwa upande wa Waomani kulikuwa kinga na heshima. Lakini mgawanyo huo hausemi neno juu ya lugha iliyosemwa nyumbani. Ukimya nao ni sera: unalinda, na papo hapo unafuta.

Bustan, pwani ya Maskat, panaonesha uzito wa jambo hili. Kijiji cha wavuvi kilihamishwa ili kupisha hoteli ya kifahari iliyopokea mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwaka 1985. Leo jengo la Majlis ya Oman limesimama hukohuko, na humo hujadiliwa sheria na mipango ya maendeleo, mambo yasiyokwenda bila takwimu. Katika mijadala ya namna hiyo, kisichokuwa na safu hakina bajeti, wala mtaala, wala mtetezi.

Kwa hiyo uhakiki wa Kiswahili hauna budi kupanua uwanja wake. Sensa ni matini: ina mtunzi, ina hadhira, ina msamiati uliochaguliwa na mengine yaliyonyamaziwa. Wasomi waliozoea kuuliza nani anasema katika utenzi wana zana zote za kuuliza nani anasema katika jedwali. Wasipouliza, watoto wa Unguja na wajukuu wao wa Maskat wataendelea kubishana juu ya asili yao kwa ushahidi wa karani ambaye hakuwa akiwatafuta wao, bali njia ya kuwatawala.